Viungo vya nyumba mpya: vinane vinatosha, na masika yasikuharibie

Swali la msomaji

"Assalaam alaykum shangazi. Nimeolewa baada ya Idi na sasa nakaa kwangu, Fuoni, Unguja. Mama mkwe wangu ni wa Wete, Pemba, na atakuja kukaa nasi kuanzia Rajabu. Jikoni nina kapu la viungo nililopewa zawadi ya harusi, mapakiti kumi na mbili, karibu yote ya unga. Masika haya manjano yameshikana mabonge, pilipili manga haina harufu, na kwenye giligilani nimeona vidudu. Nataka kuanza upya. Viungo vya lazima ni vipi, ninunue kiasi gani kwa watu watano, na niviweke wapi? Pia nimeona zafarani ya bei rahisi sana mjini, sijui kama ni ya kweli. Na hili kapu nilitupe lote?"

Jibu

Waalaykum salaam mwanangu, hongera kwa nyumba. Kapu usilisikitikie, aliyekupa alikusudia kheri, ila makapu yale hufungwa kwa ajili ya mgeni anayerudi kwao na ndege. Yanatakiwa yapendeze, yawe mepesi na yawe na majina mengi. Mtu anayepika kila siku hayamfai. Kiungo kikishasagwa hujui kilisagwa lini, kilichanganywa na nini, wala kilikaa juani muda gani kikisubiri mnunuzi.

Kwa watu watano unahitaji viungo vikavu vinane: uzile (bizari nyembamba), pilipili manga, hiliki, mdalasini, karafuu, giligilani, manjano na kungumanga. Nunua vizima, vya kutosha miezi mitatu, usizidishe. Tangawizi mbichi, thomu, ndimu na pilipili mbuzi ni mambo ya soko la kila wiki, hayo siyahesabu. Vingine vyote vinunue kwa haja: uwatu kijiko kimoja kimoja, habasoda siku ya mikate, zafarani siku ya biriani. Dada yako akikuonesha kabati lenye chupa thelathini zilizopangwa kwa rangi, msifu, kisha urudi kwenye vinane vyako.

Miezi mitatu nimeitaja kwa sababu ya hewa yetu, si kwa sababu viungo huzeeka haraka. Hiliki nzima iliyofungwa vizuri mahali pakavu hukaa mwaka na zaidi. Lakini sisi ni watu wa kisiwani. Unyevu tunao mwaka mzima, na kuanzia Machi hadi Mei, masika yakishika, hata chumvi hulowa mezani. Kiungo kikavu huvuta unyevu huo mpaka kilingane na hewa inayokizunguka. Unga huvuta upesi zaidi kuliko punje, kwani kila chembe iko wazi, na mafuta yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya punje yameshafunguliwa njia ya kuruka. Ndiyo sababu pilipili manga yako inawasha bado lakini hainukii. Kile kinachowasha, yaani piperini, hakiruki. Kinachonukia ni mafuta mepesi, na hayo yamekwenda zake.

Kabla hujaingia sokoni, ujue jambo moja ambalo hata wenyeji hulisahau. Visiwa vyetu vinaitwa vya viungo, na ni haki yao, lakini kabati la Mzanzibari nusu ni la shamba na nusu ni la jahazi. Karafuu, mdalasini, pilipili manga, kungumanga na manjano vinatoka Kizimbani, Kindichi, Dole na kwa jamaa zetu wa Pemba. Hiliki pia hulimwa hapa, na Bara kwenye milima ya Usambara. Uzile na giligilani, ambavyo bila hivyo hakuna pilau wala mchuzi, hatulimi. Vinataka hali ya hewa kavu, na vingi hutoka India, ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa uzile. Zafarani sehemu kubwa hutoka Iran. Kwa hiyo maswali unayomuuliza muuzaji si yale yale. Cha shamba, uliza kimevunwa lini na kimekaushwa vipi. Cha jahazi, uliza gunia limefunguliwa lini, na uombe kutiliwa kutoka humo.

Anza na uzile, gramu 200. Hesabu yake ni hii: pilau ya kilo moja ya mchele inakula vijiko viwili vya supu, ambavyo ni kama gramu 12. Ukipika pilau kila Ijumaa kwa miezi mitatu, hizo ni kama gramu 150, na zinazobaki zinaingia kwenye bizari ya mchuzi. Vifuko vilivyoning'inizwa mlangoni mwa duka uviache, vimepigwa jua tangu asubuhi. Mwambie akutilie punje kidogo kiganjani. Puliza kwanza: vumbi na vijiti vikiruka vingi, unauziwa takataka kwa bei ya uzile. Kisha sugua punje kwa viganja viwili mpaka uone vimepata joto, funika pua na unuse. Uzile mzuri hukujia mara moja, mkali, na harufu inabaki mkononi mpaka unafika nyumbani. Ukijikuta unavuta pumzi mara ya pili kuitafuta harufu, mrudishie kwa adabu.

Giligilani chukua gramu 150. Hapa macho yafanye kazi kuliko pua. Tazama punje moja moja: yenye kitundu kidogo kilichoviringika, mdudu alikaa ndani na ameshatoka, na wenzake wamo kwenye gunia lile lile. Hivyo ndivyo ulivyopata wako. Hawakuzaliwa kabatini kwako, waliingia na pakiti wakiwa mayai.

Pilipili manga, gramu 100. Ni punje za mtambaazi unaopanda juu ya miti mingine shambani. Huchumwa zikiwa bado kijani, zikianikwa zinakunjamana na kuwa nyeusi. Ile nyeupe ni ya mmea huo huo, ila imeachwa iive kisha ikavuliwa ganda. Udanganyifu wake ni wa zamani na unajulikana dunia nzima, nao ni kuchanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa. Mbegu ya papai ina umbo la yai kidogo, ni nyepesi, na ukiipasua ni tupu ndani. Tia punje kijiko kimoja kwenye gilasi ya maji. Pilipili manga iliyojaa itazama, zinazoelea ziokote uzipasue moja moja. Zinazoelea zinaweza pia kuwa pilipili zilizochumwa changa mno, kwa hiyo usimtuhumu mtu kabla hujapasua.

Tufike kwenye karafuu, na hapa mama mkwe wako atakuwa mwalimu wako kuliko mimi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo karafuu nyingi ya Zanzibar ni ya Pemba. Mpemba akisema karafuu hii si nzuri, nyamaza usikilize. Karafuu ni tumba, ua ambalo halijafunguka. Likichelewa kuchumwa likachanua, thamani imepotea. Huchumwa kwa mkono, mtu yuko juu ya mti, halafu jioni watu wanakaa kuchambua, tumba upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Kisha huanikwa juani kwenye majamvi au sakafuni kwa siku kadhaa, na katika kilo tatu mbichi hupati zaidi ya kilo moja kavu. Mvua ikizinyeshea katikati ya kazi hiyo, au zikirundikwa mbichi usiku zikapata joto, zinatoka zimepauka, zimesinyaa na hazina nguvu.

Basi unapochagua, tafuta karafuu iliyo nzima na kichwa chake cha duara juu, rangi ya kahawia yenye wekundu, isiyopauka. Minya shingo yake kwa ukucha: alama ya mafuta itokeze. Kwenye maji karafuu nzuri huzama au husimama wima, kichwa juu. Inayolala juu ya maji imeshatolewa mafuta au imekauka vibaya. Angalia pia makonyo yasiwe mengi. Makonyo yana mafuta na hukamuliwa kiwandani Pemba, lakini kwenye sufuria yako ni vijiti. Gramu 30 zinakutosha kwa miezi mitatu na zaidi, maana kumi tu zinatosha pilau ya kilo. Karafuu ni miongoni mwa viungo vinavyovumilia sana kukaa, kwa hiyo ukiletewa kutoka Wete, pokea hata kama bado unazo. Biashara ya magunia tuwaachie ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na wakulima.

Jambo moja la vyombo nilitaje hapa hapa: karafuu usiziweke kwenye vikopo vyepesi vya plastiki ngumu inayong'aa. Mafuta yake, yujenoli, huila plastiki ya namna hiyo, na baada ya muda utaona kikopo kimefanya ukungu na kunata.

Mdalasini, gramu 100. Wa mashambani kwetu ni wa jamii ile ya Sri Lanka, wenye gome la rangi ya udongo, linalovunjika kirahisi, lenye utamu wa taratibu. Hapa mara nyingi huuzwa vipande vipana vinene kwa sababu wakulima wengi hawakwangui gome la juu kwa ustadi wa Wasri Lanka, basi usidharau sura, vunja na unuse. Wa madukani ulioagizwa nje mara nyingi ni kasia, jamaa yake: gome gumu, jekundu la giza, limejikunja mkunjo mmoja mnene, linauma ulimi. Kasia si haramu wala si feki, na nyama inaipenda. Ila ina kumarini nyingi, kitu kinachoweza kudhuru ini kikiliwa kingi mfululizo, wakati mdalasini wetu unayo kidogo sana. Kama nyumbani kwako chai ya mdalasini ni ya kila asubuhi na watoto wanaunyunyiza kwenye uji, tumia wa shamba. Majani yake mabichi ukiyapata, tia mawili kwenye pilau.

Hiliki ni ghali, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu kwa kudhani wanaihifadhi. Nunua gramu 80, maganda ya kijani, yaliyofunga. Fungua moja mbele ya muuzaji: mbegu ziwe nyeusi, zenye kunata kidogo, zimeshikamana. Zikiwa kavu za kahawia na zinadondoka zenyewe, muda wake umepita. Ukifika nyumbani usizimenye. Ganda ndilo chupa yake ya kwanza, na mbegu zilizomenywa hupoteza harufu haraka sana. Menya zile unazotaka kutia kwenye mandazi wakati huo huo, uziponde, na maganda matupu usiyatupe: yatie kwenye birika la chai.

Manjano yako yaliyoshikana usijaribu kuyaokoa. Na mapya usinunue unga mpaka umjue aliyesaga. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionesha kwamba kule Bangladesh baadhi ya wasindikaji walikuwa wakipaka manjano kromati ya risasi, rangi yenye madini ya sumu, ili yang'ae, na sumu ya risasi ikaonekana kwenye damu za watu. Mwaka 2023 huko Marekani watoto wakadhurika kwa mdalasini wa unga wenye sumu hiyo hiyo uliotiwa kwenye chakula chao. Sikutishi, nasema tu kwamba unga unaficha mengi. Nawe una bahati, manjano yanalimwa karibu na mlango wako. Nunua mabichi nusu kilo, yaoshe udongo, yachemshe kama saa nzima mpaka kijiti kipenye bila nguvu, yakate vipande vyembamba, na uyaanike siku nne tano mpaka kipande kikikunjwa kinavunjika kwa mlio. Hapo yanapondeka kwa kinu kidogo. Vaa kanga usiyoijali. Chupa ya manjano iwe ya kiza au ifichwe ndani, maana mwanga huiua rangi yake.

Kungumanga nne, basi. Ziwe na gamba lake la nje kama utazipata, na zisiwe na tundu. Kungumanga huikwangua juu ya chakula kidogo kidogo, kwenye kaimati, uji, au kahawa ya wageni. Basibasi, ile nyavu nyekundu inayoizunguka, ni laini zaidi kwa supu na mchuzi mweupe, lakini si ya lazima. Ujue pia kwamba kungumanga nyingi ni sumu: gramu tano za unga, ambazo hazifiki hata tunda moja kubwa, zinaweza kumtapisha mtu na kumchanganya akili siku nzima. Iwe juu, mbali na watoto, na yeyote atakayekushauri unywe vijiko vyake kwa dawa usimsikilize, hasa ukiwa mjamzito.

Zafarani ya bei rahisi uliyoiona si zafarani. Uzi wa zafarani ni sehemu ndogo tu ndani ya ua, kila ua lina tatu, na gramu moja inataka maua kama 150 yaliyochumwa kwa mkono. Haiwezekani iuzwe kwa kikombe. Kile ni ua la alizeti-miba, mmea mwingine kabisa, au nyuzi zilizopakwa rangi. Jaribio lake: tia nyuzi tatu kwenye kijiko cha maji ya uvuguvugu na ukae dakika kumi. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya uongo humwaga rangi papo hapo, uzi ukabaki mweupe au ukavunjikavunjika. Uzi wa kweli pia una umbo la tarumbeta, umepanuka upande mmoja. Nunua nusu gramu ya kweli kabla ya sikukuu, au tumia manjano kwenye biriani na usimdanganye mtu.

Sasa kuweka. Tafuta chupa za kioo zenye kifuniko cha kukaza, hata za jemu na za kahawa, uzioshe na uzikaushe juani mpaka na kifuniko chake kikauke ndani ya mkunjo wake, maana hapo ndipo maji hujificha. Ziwe ndogo. Chupa kubwa iliyojaa robo imejaa hewa, na hewa ndiyo yenye unyevu. Kabati lisiwe juu ya jiko wala karibu na dirisha. Na usipange chupa juu ya friji, pale pana joto saa zote.

Lakini tatizo kubwa ninaloliona majikoni si kabati, ni mkono. Mpishi anashika chupa ya bizari, anaitikisa juu ya sufuria inayofuka, anaifunga, anairudisha. Mvuke uliopanda umeingia ndani na umefungiwa humo. Ukifanya hivyo siku tano unga umeanza mabonge, hata kama ni kiangazi. Tia kijiko kikavu, toa unachotaka kwenye kisahani, funga chupa, ndiyo uende jikoni. Ukishika tabia hiyo moja tu, nusu ya barua yako imejibiwa.

Watu huniuliza kuhusu friji. Kwa viungo vya kila siku, hapana. Chupa baridi ukiifungua kwenye joto letu, unyevu wa hewa unageuka maji ndani yake. Friza ni jambo jingine, inafaa kwa akiba: ukiletewa hiliki nyingi, zifunge mafungu ya mwezi mmoja mmoja, mifuko miwili, utie friza. Unapotoa fungu, liache mezani limefungwa mpaka lipate joto la chumba, saa mbili tatu, ndiyo ulifungue. Friza hiyo hiyo ni dawa ya vidudu. Giligilani na uzile ukivinunua, viweke humo siku nne kabla ya kuvitia chupani, na mayai yatakufa. Ukiona watu wanatia karafuu kwenye mchele kufukuza wadudu, inasaidia kidogo kuwazuia, ila haiokoi mchele ulioingiliwa.

Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua kali na hewa imekauka kidogo, ndio wakati wa kufagia kabati kabla ya masika. Mwaga uzile, giligilani na pilipili manga kwenye ungo, vipe jua la saa moja, viache vipoe kivulini, kisha virudi chupani. Hiliki na manjano usivipeleke juani, vinapungukiwa. Chupa utakayoifungua masika iwe ndogo, iliyobaki ibaki imefungwa.

Kiungo chochote kilichoota ukungu, hata kidogo, kitupe chote. Usikwangue juu, usikianike tena. Ukungu wa namna hii unaweza kuwa umeacha sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Pilipili kavu, tangawizi, manjano na kungumanga ndivyo vya kuangalia zaidi.

Baada ya hapo kusaga. Saga cha wiki mbili tu. Bizari ya mchuzi ya nyumbani, mimi naipanga hivi, nawe kwa wiki mbili saga robo ya vipimo hivi: giligilani gramu 60, uzile 30, manjano 20, pilipili manga 10, mdalasini kipande cha urefu wa kidole, hiliki kumi zilizomenywa, karafuu kumi na tano, na uwatu kijiko kidogo cha chai. Uwatu usizidishe, utafanya mchuzi uchungu na mke wa jirani ataujua. Kaanga giligilani na uzile bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka harufu ipande na punje zigeuke rangi kidogo tu. Ondoa hapo hapo, mwaga kwenye sinia, kwa sababu sufuria yenyewe inaendelea kukaanga. Vingine havihitaji moto. Vipoe kabisa ndipo usage, na unga nao uache dakika kumi kabla ya kuufunga, maana blenda huupa joto, na ukiufunga hivyo utatoa jasho ndani ya chupa.

Vya pilau hatusagi vyote. Kwa kilo ya mchele, uzile vijiko viwili vya supu, nusu yake uponde na nusu ubaki mzima, pilipili manga nzima kijiko cha chai, hiliki kumi zilizopasuliwa midomo, karafuu kumi, mdalasini vipande viwili. Vitie kwenye mafuta pamoja na kitunguu kinapoanza kupata rangi, visipate nafasi ya kuungua. Kila nyumba ina mkono wake na sitaki kugombana na watu wa Wete, kwa hiyo mkwe wako akisema kumi na mbili, zitakuwa kumi na mbili.

Majani mabichi hayahitaji kabati. Tia nanaa na kotmiri kwenye ndoo zilizotobolewa chini, na mchaichai pembeni ya uwanja ambapo maji ya kuoshea vyombo yanapita, utakata mwaka mzima. Kotmiri ikipigwa na jua la mchana inatoa maua upesi, ipe kivuli.

Ukihitaji kununua yote mara moja, epuka wiki za mwisho za Shaaban, kila mtu yuko sokoni na muuzaji hana muda wa kukufungulia gunia. Kwa vile mgeni wako anakuja Rajabu, nunua sasa, siku ya kawaida, asubuhi.

Na hilo kapu. Manjano na giligilani vitupe leo, giligilani ndani ya mfuko uliofungwa ili vidudu visihamie kwenye mchele. Pilipili manga ya unga, mdalasini wa unga na vingine vikavu visivyo na bonge wala ukungu, weka chembe kwenye ulimi: kama bado kuna ladha, vimalize ndani ya mwezi huu kwenye maharage na michuzi, ukitia mara moja na nusu ya kawaida yako. Kama kumebaki vumbi, vifuate wenzake. Karafuu na vijiti vya mdalasini vilivyo vizima humo, kama vipo, vipitishe kwenye majaribio niliyokueleza. Huenda vikawa ndivyo pekee vya kubaki.